Sauti ya Pili

Stesheni ya treni ya Saint-Lazare ilikuwa imefurika watu wanaotoka kazini. Ludivine Charrier, mwenye koti jekundu lililopauka mabegani, alisimama karibu na ngazi akipuliza filimbi yake ya fedha. Ulikuwa muziki wa zamani wa Kifaransa ulioandikwa kwa filimbi mbili, naye akipiga sauti ya kwanza peke yake. Kijana mrefu mwenye skafu ya kijivu akasimama, akatoa filimbi yake, akaingia na sauti ya pili bila kuomba ruhusa.

"Umeudandia muziki wangu," Ludivine alimwambia walipomaliza, akicheka.

"Ulikuwa mpweke, nikauhurumia."

"Na mimi je?"

"Wewe nakununulia kahawa, mrembo."

Jina lake Gaspard Lhermitte. Wakapendana. Wakapiga pamoja makanisani na kwenye kumbi ndogo ndogo, wakivuta pumzi kwa pamoja utadhani wana pafu moja.

Novemba, simu ya Ludivine ikalia.

"Ludi, sitakuja mazoezini."

"Unaumwa, mpenzi?"

"Nimepata mwenzangu mwingine, yuko Lyon. Tuachane."

"Mwenzako wa filimbi au wa kitandani?"

Ludivine hakungoja jibu.

"Nenda basi! Mungu aupinde huo mdomo wako!"

Mwishoni mwa majira ya baridi alimwona Gaspard katika soko la Aligre akichagua viazi, skafu imempanda hadi puani. Ludivine alimkimbilia kwenda kumtukana. Akaivuta ile skafu.

Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umeporomoka kama nta iliyoyeyuka. Mdomo umepinda.

"Uvimbe, nyuma ya sikio," Gaspard alisema kwa taabu. "Kuutoa ilibidi madaktari wakate na mshipa wa fahamu wa uso; siwezi tena kupuliza filimbi. Nilijua hivyo kabla sijakupigia simu."

"Na huyo wa Lyon?"

"Hayupo. Nilitaka unikasirikie, usije ukaniona hivi."

Ludivine aliikumbuka laana yake. Akashika meza ya muuza viazi.

"Mjinga wewe! Mjinga kabisa! Twende nyumbani. Nioe."

"Mwanamke gani anaposa sokoni?"

"Mimi. Nijibu."

Gaspard alicheka, nusu ya uso ikibaki vilevile. Kisha kicheko kikaisha.

"Nina sharti moja. Usipige filimbi nikiwepo. Nikiisikia natamani kufa, Ludi."

Ludivine alimfunga tena skafu yake.

"Sawa," akasema.

Walioana Aprili. Siku hizi Ludivine hufanya mazoezi peke yake kwenye chumba cha chini cha shule anakofundisha. Jioni, akifika mlangoni kwake, hujipangusa midomo kwa leso mara mbili tatu ndipo afungue. Lakini filimbi huacha alama nyekundu chini ya mdomo, na alama hiyo haifutiki upesi. Gaspard huiona. Humpakulia supu, akageuzia uso wake dirishani, wakala.