Vyuma Viwili vya Helmeti

Kila asubuhi kabla ya basi la shule, Lorcan Tynan alipiga mpira kwenye ukuta wa zizi mara mia moja, mvua inyeshe isinyeshe. Na kijijini kwetu Ballinard mvua haikosekani. Mama yake alimwita mara tatu aje anywe uji, naye akajibu "nakuja" mara tatu, mpaka uji ukapoa.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka huo ndipo alipochaguliwa kwa mara ya kwanza kuchezea shule hurling, mchezo wetu wa magongo. Si mchezo wa kubembelezana huo. Wachezaji thelathini hugombea mpira mdogo mgumu wa ngozi, hewani na chini, kila mmoja na gongo lake. Ndiyo maana wote huvaa helmeti zenye vyuma mbele ya uso. Mpira ukipita juu ya mwamba wa goli ni pointi moja, ukiingia golini ni tatu.

Mechi mbili za kwanza za mashindano ya shule, mwezi wa Oktoba, Lorcan aliaibika. Kila mpira ulioshuka kutoka juu ulimpotea nyuma ya vile vyuma, akabaki kupiga hewa. Wenzake walimtania kwamba anafukuza nzi. Alicheka nao, lakini moyoni iliuma, kwa sababu kocha wao, Mwalimu Breen, alikuwa amemwambia wazi kwamba akiendelea hivyo nafasi yake atapewa mwingine.

Jumamosi iliyofuata alichukua koleo la baba yake, lile la kukatia waya wa ua, akakata vyuma viwili vya katikati. Alipoivaa helmeti, aliona kila kitu.

Tangu hapo Lorcan akawa moto wa kuotea mbali. Robo fainali alifunga pointi nne. Nusu fainali, katika tope la Februari, goli la ushindi lilikuwa lake. Kabla ya kila mechi Mwalimu Breen aliwauliza kama helmeti zote ni nzima, na Lorcan aliitikia pamoja na wengine kwamba ndiyo. Aliyegundua kwamba vyuma vimekatwa ni Éanna Furlong, jirani yake na mchezaji mwenzake, maana wawili hao walikuwa chanda na pete. Lorcan alimwomba tu afunge mdomo.

Wiki moja kabla ya fainali, mazoezini, mpira ulianguka kati yao. Éanna aliinama kuuokota, Lorcan akazungusha gongo kwa nguvu zake zote. Ncha ya gongo ilipita katikati ya vyuma vya Éanna, mahali ambapo vyuma viwili havikuwepo. Éanna naye alikuwa amevikata vyake, kwa kumwiga rafiki yake. Damu ilimfunika jicho, akakimbizwa hospitali.

Kesho yake hakuna aliyejua kama jicho lile limepona. Mwalimu Breen aliikusanya timu, akaiweka helmeti ya Éanna mezani. Alisema Éanna anadai ilinunuliwa ikiwa hivyo, na mama yake analia kwamba alimnunulia mwanawe kitu kibovu.

Lorcan alijua kwamba akinyamaza, atacheza fainali na hakuna atakayejua. Lakini alifungua mkoba wake, akaitoa helmeti yake na kuiweka kando ya ile nyingine.

"Si kosa la mama yake, Mwalimu," alisema. "Mimi ndiye niliyeanza kukata. Éanna aliniiga tu, halafu mimi mwenyewe nikampiga."

Kisha mchezaji mwingine akaleta yake mbele, na mwingine, mpaka zikawa tano mezani. Mwalimu Breen alikaa kitini. Hakufoka. Alisema hakuna hata mmoja wa waliokata atakayeanza fainali, na hakuna atakayegusa gongo tena bila helmeti nzima.

Jioni ile Lorcan alikwenda kwa akina Furlong, akamweleza Mama Éanna kila kitu. Alikuta Éanna ameshonwa nyuzi saba juu ya nyusi. Jicho lilikuwa zima, lakini daktari alisema lilinusurika chupuchupu. Mama Éanna alishusha pumzi. "Tangu jana najilaumu, mwanangu," alisema. "Ahsante kwa kuja." Éanna, uso umevimba, alimwambia Lorcan kwamba hata bibi yake anapiga kwa nguvu zaidi.

Siku ya fainali Lorcan aliingia zikiwa zimebaki dakika kumi na tano, akiwa na helmeti mpya yenye vyuma vyote. Alifunga pointi moja. Dakika ya mwisho, wakiwa nyuma kwa pointi moja, mpira wa juu ulishuka kwake. Ulimpotea kidogo tu nyuma ya vyuma, ukamteleza vidoleni. Filimbi ya mwisho ikalia.

Ndani ya basi Mwalimu Breen alikaa kando yake. Lorcan alifuta machozi.

"Kwa helmeti yangu ya zamani ningeudaka ule, Mwalimu."

"Huenda ungeudaka, sitakudanganya," alijibu Mwalimu Breen. "Lakini kila mliponiambia ndiyo, niliwaingiza uwanjani nikiamini mko salama, kumbe sivyo. Kombe tutaligombea tena mwakani, ila jicho la Éanna lingepotea lisingerudi. Mwakani namtaka yule aliyefungua mkoba wake mbele ya wenzake. Kudaka mpira nitamfundisha mimi."