Harufu ya Safari ya Hospitali

Saa tatu asubuhi gari la familia lilikutwa limesimama kando ya barabara kuu, boneti wazi, ndani kukinuka mpira unaoungua hadi macho yanawasha. Kwenye kiti cha nyuma alilala Mama, mguu umefungwa bandeji mpaka chini ya goti. Alikuwa anapelekwa kukatwa mguu huo. Hii ilikuwa mara ya tatu gari kumrudisha njiani. Daktari alikuwa ametuma neno: afike kabla ya jioni, maana uozo ukivuka goti, kisu hakitasaidia.

Gari liliporudishwa nyumbani na Mama kulazwa ndani, Sajenti aliitwa na kifungua mimba wa Mama, binti mwenye sauti ya mnadani.

"Mkamate huyu!" alisema, kidole mbele ya pua ya dereva. "Anatuulia mama!"

Dereva, ambaye mtaa mzima unamwita Polepole, alikaa juu ya ndoo, kofia mapajani. "Dada, mimi gari likinuka nasimama. Siwezi kuendesha moto chini ya mgonjwa."

"Hiyo sheria yako tunaijua sote. Ndiyo kisingizio chako!"

Sajenti alivuta kigoda, akaketi kama aliyekuja kupiga soga. Alikuwa trafiki kabla ya kuhamia upelelezi. "Harufu huanza wapi, ndugu yangu?"

"Tukianza kupanda kilima. Hapa nyumbani hakuna kitu."

"Breki hazikung'ang'ania magurudumu?"

"Niligusa rimu zote, afande. Vuguvugu tu."

"Na kelele?"

"Hakuna."

Fundi wa gari alipofika, alianza kujitetea kabla hajaulizwa. "Mkanda wa injini nilioweka ni mpya!"

"Mpya wa jalalani," binti alimrushia.

Sajenti aliinama juu ya injini, akapitisha kidole kwenye mkanda. Haukung'aa, haukuwa na ufa wala mafuta. "Mkanda ukiteleza hupiga yowe, tena unang'aa. Huu umetulia kama bibi harusi. Fundi, pumua." Akamgeukia Polepole. "Mkienda sokoni gari hunuka?"

"Hata chembe. Jana mchana nilimpeleka Mzee, baba wa huyu dada, kilima kilekile."

"Basi gari lenu linajua kalenda ya daktari," alisema Sajenti.

Fundi alipiga jeki, akaingia chini. Alitoka na kitu kwenye koleo: donge jeusi lililoyeyuka, limezungushiwa waya wa shaba uliosokotwa ncha. "Tyubu ya baiskeli. Imefungwa juu ya ekzosi. Bomba hilo la moshi likipata moto kilimani, inaungua."

"Mara mbili zile hukuona?" Sajenti alimuuliza.

"Waliniletea gari siku ya pili yake. Hapakuwa na kitu."

"Aliyefunga alikuwa anafungua." Sajenti aliwatazama wote wawili. "Safari ya leo mliijua lini?"

"Mimi nimeijulia hapa asubuhi," alisema Polepole. "Nimewakuta wanamtoa Mama."

"Mimi nimeisikia sasa hivi," alisema fundi.

"Daktari aliisogeza jana jioni, kwa simu," binti alieleza. Sauti ya mnada ilikuwa imeshuka. "Na lango tulilitia kufuli. Tuliolala humu ni mimi, Mama na Baba."

Sajenti alikwenda bombani kunawa. Mpira wa maji ulikuwa umepasuka, na pale penye ufa palifungwa kipande cha tyubu kwa waya wa shaba, ncha zimesokotwa. Alinawa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Nani fundi wa humu?"

"Baba. Kila kinachovunjika anafunga ye..." Binti hakumaliza.

Ndani, Mzee alikuwa ameketi kitandani akimpepea mkewe. Sajenti aliweka lile donge mezani, taratibu.

"Shikamoo Mzee. Sokoni unapanda gari. Msibani unapanda. Hospitali hujapanda hata mara moja. Kwa nini?"

"Nalinda nyumba."

"Lango lina kufuli, Mzee."

Upepeo ulisimama hewani. "Kaka yangu walimlaza kwenye meza ileile ya upasuaji," alisema Mzee hatimaye. "Nilimsindikiza mwenyewe. Nikarudi nimebeba viatu vyake." "Nilijua Polepole akisikia harufu atasimama. Nilitaka mke wangu arudi nyumbani, basi."

"Ungesema hapana!" binti alilia. "Umeniacha namtukana mtoto wa watu!"

"Mama yako kwa maneno sijawahi kumshinda."

Mama alifumbua macho. "Mume wangu, kaka yako hakuuawa na meza. Mlimficha chumbani mkimchua mafuta mpaka mguu ukawa mweusi. Nilikuwepo. Nilipasha mafuta mimi." Alipumzika kidogo. "Sasa na mimi unanificha."

Mzee aliinamisha kichwa.

"Mama, hili ni kosa la jinai," alisema Sajenti. "Sema neno lako."

"Nifikishe kwanza, afande. Nikirudi nitakuja kituoni mwenyewe kusema. Nisiporudi, binti yangu atakuja."

Fundi alikwangua ekzosi kwa brashi ya waya mpaka ikawa safi. Mzee alitoka, akasimama mbele ya dereva, mikono imelegea.

"Mwanangu, nimekupaka matope. Nisamehe."

Polepole alivaa kofia yake. "Jua linakwenda, Mzee. Ingia nyuma. Kuna mashimo, anahitaji wa kumshika."

Mzee alipanda, akauweka mguu wa mkewe mapajani.

"Twende," alisema. Akavuta mlango. Akarudia: "Twende."