Taa Nne za Kijani

Babu Kibendera alikutwa amelala kwenye kivuko cha shule saa mbili kasoro robo asubuhi, kibendera chake chekundu bado mkononi. Ndiye aliyewavusha wanafunzi kila siku, na bahati nzuri wa mwisho alikuwa ameshaingia getini. Nyonga imevunjika, fahamu hana. Aliyemgonga alitokomea, akaacha kipande cha kioo cha taa, cha rangi ya machungwa iliyopauka.

Muuza magazeti alisikia kishindo, akageuka, akaona mgongo wa gari jeupe likikata kona. Basi.

Nyuma ya kona hiyo Inspekta wa usalama barabarani alilikuta gari jeupe la mikate limeegeshwa dukani. Taa yake ya pembeni ilikuwa imevunjika, imezibwa kwa plastiki.

"Hii ilivunjika lini?"

"Zamani, afande. Muulize bosi wangu, kila siku namlilia."

"Ulikuwa unakimbia?"

"Nikimbilie wapi na zile taa za barabarani? Zimenisimamisha zote nne! Mikate inapoa, mimi nimekodoa macho tu."

Ofisini kwake, alikompeleka dereva huyo, saa ya umeme ukutani ilikuwa ikimetameta sifuri tangu umeme ulipokatika usiku na kurudi alfajiri. Hakuna aliyejisumbua kuirekebisha. Mke wa dereva alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi.

"Mume wangu hakimbii, afande. Hata watoto wanamtania, wanamwita Kobe. Babu akifa, huyu ndiyo hatoki tena?"

Inspekta alikifunga kile kipande cha kioo kwenye bahasha.

Mchana alimwita mhandisi wa barabara za mji, mtu nadhifu, shati limenyooshwa hadi likakoma. Ndiye aliyepanga taa zile.

"Barabara ile ni ya upande mmoja, kwa hiyo nimezipanga zifuatane," alieleza. "Ukienda kilomita arobaini kwa saa, ukiikuta ya kwanza kijani, zote utazikuta kijani. Anayekimbia anawahi, anakuta nyekundu. Huyo dereva unayesema alisimamishwa zote nne, alikuwa anapaa."

"Wewe ulipita leo?"

"Mapema, taratibu tu. Kijani, kijani, kijani, kijani. Babu anagongwa, mimi niko mezani kwangu."

Inspekta alimsindikiza hadi kwenye pikapu yake, nyeupe kama magari yote ya ofisi ile. Taa ya pembeni ya kushoto ilikuwa imepauka kwa jua. Ya kulia iling'aa. Aliliona hilo kama mtu anavyoona kiatu kipya mguuni mwa mwenzake, akarudi ndani. Jioni dereva wa mikate alilala mahabusu.

Asubuhi iliyofuata Inspekta aliipita barabara ile mwenyewe, sindano ya mwendo haikuvuka arobaini. Taa ya kwanza kijani. Ya pili nyekundu. Akarudi kuanza upya. Safari hii zikamsimamisha zote. Hata mwendesha baiskeli aliyempita alimcheka.

"Kumbe na mimi napaa," alijisemea, akageuza gari kurudi ofisini.

Saa ya ukutani bado ilikuwa inametameta. Aliitazama, akaukumbuka umeme uliokatika, akampigia simu fundi wa taa za barabarani.

"Zimevurugika, afande. Umeme ulipokatika zilipoteza saa zake, sasa kila nguzo inajihesabia kivyake. Tangu alfajiri ya jana watu wanasimama tu. Nangoja Injinia aseme tuzipange upya. Hajasema kitu."

Mhandisi alimpokea ofisini kwake, hatua chache kutoka kwenye kona ile, ramani zimejaa ukutani.

"Injinia, jana taa zako hazikufuatana hata kidogo. Umenieleza barabara ulivyoichora. Hukuipita."

"Labda nimechanganya siku."

"Bila kupita kwenye taa hizo, kutoka nyumbani kwako unafikaje hapa? Njia iliyobaki ni kuingia barabara ya upande mmoja kinyume, upite kwenye kivuko, ukate kona."

"Haifiki hata mita mia," alisema kabla hajajizuia.

Inspekta aliweka kipande cha kioo juu ya ramani. "Nimetoka kwa fundi wa magari wa ofisi yako. Ulibadilishiwa taa ya kulia jana, saa tatu asubuhi."

Mhandisi aliketi.

"Nilikuwa nimechelewa kikao. Nilikuwa nakwenda kuwaeleza wakubwa kwamba mwaka mzima hakuna aliyegongwa pale. Babu alitazama yanakotoka magari, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Mimi nikatokea mgongoni kwake."

"Na huyu wa mikate?"

"Nilidhani mtamwachia tu."

"Ulimfunga kwa mdomo wako!" Inspekta alipaza sauti, na hasira haikuwa kwa mhandisi peke yake. "Mkewe amekaa kwenye benchi langu tangu jana. Inuka twende."

Siku hiyohiyo Babu Kibendera alizinduka, akauliza nani anawavusha watoto. Fundi wa taa alizipanga upya, na alasiri dereva wa mikate aliondoka na gari lake, mkewe pembeni.

Kijani. Kijani. Kijani. Kijani. Mke akaanza kucheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Kwenye kivuko Kobe alikanyaga breki, gari likatulia.

"Mbona umesimama, baba? Hapana mtu."

"Naona," alisema. Akatazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akaondoa gari.