Mwanga Uliorudi kwa Miguu

Sanduku la waya lilikuwa linanuka tumbaku. Nyawech, fundi wa nyaya za intaneti, alirudisha kifuniko, akakifungua tena, harufu ikampiga usoni palepale. Ndani hamna kitu ila uzi wa kioo wa kupitisha mwanga, mwembamba kama unywele, kioo maalumu kilicholetwa kwa majaribio. Na kioo hakitafuni tumbaku, jamani.

Hapo, kabla mtaro wa uzi huo haujachimbwa, palikuwa na kaburi. Bibi mmoja Mturkana, mfuga ngamia na mla tumbaku, alilazwa na pete zake za miguuni chini ya rundo la mawe, na binti yake aliwaomba wachimbaji wazunguke. Thuok, mdogo wake Nyawech, alicheka. Kijana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kazi yake ya kwanza, kichwa kimevimba! Aliyang'oa mawe mwenyewe, akafukia nayo mtaro.

"Mama, maiti atafanya nini na mawe?" alisema.

Binti yule alitema tumbaku mtaroni, akaenda zake.

Sasa mwanga uliotumwa kutoka mji wa Lodwar ulikuwa unafia hapohapo. Nyawech akampigia simu Thuok, aliyekuwa mjini kwenye mtambo wa kurusha mwanga.

"Ongeza nguvu."

"Nimeongeza, dada. Hakuna kitu."

"Ongeza tena."

Mwanga ule hauonekani kwa macho, ila ukizidishwa nguvu, kioo chenyewe huubadilisha rangi. Nyawech alilijua hilo. Aliona uzi ukiwa mwekundu, kisha kijani, kisha doa jeupe likawaka katikati. Doa likaanza kutembea. Lilikwenda mwendo wa mtu, kuelekea Lodwar, likiacha vitundu ndani ya kioo, na chini ya udongo pete za miguuni zikagongana, chwa, chwa, chwa.

"Thuok, zima!" alinong'ona. "Linakuja kwako."

"Nimezima. Dada, nimezima kitambo. Mbona nasikia mtu anatembea?"

Mungu wangu! Nyawech akatoka mbio, maana mji haukuwa mbali, jua la mchana likimchoma utosini, pete zikilia chini ya nyayo zake, akizipita, zikimfikia, akizipita tena, akimwita Mungu kwa Kinuer, lugha ya kwao, na kwa Kiswahili, mpaka akaingia chumba cha mitambo, akamkuta Thuok amejibana ukutani, akanyakua mkasi, akaukata uzi.

Kimya. Harufu ya tumbaku, iliyomfuata mpaka humo, ikaisha. Nyawech akaketi sakafuni akalia kwa furaha, kwa sababu huyu ndiye ndugu pekee aliyebaki naye tangu wakimbie Sudan Kusini.

Thuok akaokota uzi uliokatwa. "Limekwisha kweli?"

"Usichungulie ncha!"

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yao, maana mwanga ule hupofusha, na Nyawech ndiye aliyemfundisha. Alichelewa. Doa lilikuwa linangoja kwenye ncha ile, mlango aliolifungulia kwa mkasi wake mwenyewe, na likaruka likamwingia Thuok jichoni.

Thuok alisimama, macho meupe pe, akatoka nje bila kupapasa kitu. Nyawech alimfuata hadi mtaroni, akamkuta anachimbua mawe kwa kucha, damu inamtoka vidoleni, anayabeba kifuani na kuyarudisha kaburini.

"Thuok, ndugu yangu, twende nyumbani. Nakuomba."

Akageuka. Alitema tumbaku, yeye ambaye hajawahi kuionja.

"Ejok, mwanangu," alimsalimu Kiturkana kwa sauti ya bibi kizee. Akamwekea jiwe mikononi. "Nani alimwambia huyu aongeze nguvu? Beba na wewe."