Chungu Kimoja cha Zambarau

Jua lilikuwa linazama juu ya mtaa wa watia rangi wa Kanda, mjini Edo, Onui alipotoka na ndoo kwenda kisimani kusuuza kitambaa. Alikuwa na haraka. Nyumbani alikuwa amemwacha peke yake bintiye Osayo, mtoto wa miaka sita, aliyekuwa na homa kwa siku ya tisa.

Kisimani alimkuta jirani yake Otora, muuza tofu, mwanamke asiyejua kufunga mdomo.

"Mikono hiyo, dada! Utadhani mabilinganya ya kutia chumvi."

"Niache, Otora. Leo sina kicheko."

"Haya, yaishe. Hicho ndicho cha mtoto?"

"Cha mtoto nimeshamfunga mchana." Na hapo uso wa Onui ulichangamka kidogo. Mganga alikuwa ameshakata tamaa, kwa hiyo alifanya kile ambacho kila mama wa Edo hufanya: kitambaa cha zambarau kichwani, fundo upande wa kushoto, mizizi iliyotoa rangi ile inyonye homa. Na kweli homa ilikuwa inashuka. "Hiki ni cha mama mmoja. Alikuja jana jioni na hariri yake nyeupe, analia. Mwanawe naye mgonjwa. Mizizi ilibaki ya chungu kimoja tu... ningemfukuzaje?"

Otora aliacha kuvuta kamba.

"Umetia vya wagonjwa wawili chungu kimoja?"

Onui aliificha mikono yake nyuma. Alilijua kosa lake. Zambarau ni rangi ya undugu; hata mizizi yake ukiifunga kwenye karatasi, karatasi nayo hugeuka zambarau. Washairi wa kale waliisifu kwa hilo hilo, kwamba ukimpenda mmoja, mapenzi yatatapakaa hadi kwa walio karibu naye. Lakini washairi hawakuwahi kuosha vyungu. Watia rangi walijua kwamba waliovaa cha chungu kimoja wamekuwa ndugu, na mgonjwa hapewi ndugu asiyemjua.

"Anakaa wapi huyo mama?" Otora alinong'ona.

"Nyuma ya hekalu. Nyumba ya ua wa mianzi."

"Onui... mtoto wa nyumba ile tulimzika majira ya baridi. Mama yake alimfuata siku ya saba."

Onui aliinama kutazama ndoo.

Kitambaa hakikuwamo. Maji matupu. Meupe.

Alikimbia. Kandambili moja ilimtoka njiani na hakurudi kuiokota. Alikuwa akiomba kwa sauti, bila kujali nani anamsikia, amkute mtoto anapumua.

Mlangoni ilimpokea harufu ya ubani na udongo mbichi.

Osayo alikuwa ameketi. Bakuli la uji lilikuwa mapajani, limelambwa safi, na paji la uso wake lilikuwa limepoa. Onui alimkumbatia huku akilia kwa furaha, kisha akalitazama tena lile bakuli.

"Nani amekupa uji?"

"Mama."

"Mama nani, mwanangu?"

"Mama," alirudia Osayo, akimshangaa.

Onui alikishika kile kitambaa, akalifungua fundo, akakivuta.

Mtoto alianguka chali. Mwili uliwaka moto papo hapo, macho yakageuka, kifua kikatulia.

Kimya.

Alikirudisha kichwani upesi. Kushoto. Fundo. Pumzi ikarudi, ndefu, na mashavu yakapata damu. Onui alikaa akimtazama. Hakuthubutu kukifungua mara ya pili.

Ndipo mlango ukakwaruzwa. Taratibu... kama ukucha kwenye karatasi.

"Dada," sauti ya jana ilisema kutoka nje. "Kuna baridi huku."

"Mfungulie," alisema Osayo.

Angeweza kuwaita majirani. Angeweza kukitupa kitambaa motoni, mlango ukabaki umefungwa, na kesho wakamzika mtoto wake.

Onui alilikaza fundo. Akainuka, akauvuta mlango.

Hapakuwa na mtu. Baridi tu ilimpita ubavuni ikaingia ndani, na nyuma yake alimsikia Osayo akicheka, akijisogeza katikati ya godoro ili mama wa kila upande apate nafasi ya kulala.