Boke na Kitabu cha Nchi ya Mbuzi

Kila mapumziko, baada ya uji, Boke alitoa kamba yake, na rafiki yake Mokami akashika ncha moja. Darasa la tano lote hakuna aliyemshinda Boke kuruka. Wenzake walimzunguka wakimhesabia kwa sauti.

Wiki hii hawakuja. Yasmini, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Nyamisangura, alikuwa ameazima kwa mwalimu kitabu cha zamani kisicho na jalada. Kilimhusu msichana aliyeingia ndani ya kichuguu, akatokea katika nchi ambako mbuzi ndio wanaoamua kesi za watu. Yasmini alisoma kwa sauti akiegemea ukuta wa darasa. Hata Mokami aliketi kumsikiliza.

"Mokami, njoo ushike kamba!"

"Ngoja kwanza, Boke. Msichana anahukumiwa!"

Wivu ulimchoma Boke.

Jioni, akipukuchua mahindi na mama yake, aliuliza, "Mama, unakijua kitabu cha nchi ya mbuzi?"

Mama alicheka. "Bado kipo? Tulikisoma tukiwa kama ninyi!" Akamsimulia mpaka mwisho, mahindi yakasahaulika.

Kesho yake Boke alisimama mbele ya wasikilizaji. "Msijisumbue! Mfalme wa mbuzi ni kaka yake aliyepotea. Wanarudi nyumbani wote. Basi, imekwisha!"

Yasmini alifunga kitabu.

"Una roho mbaya," Mokami alisema. "Usiniite tena kwenye kamba yako."

Kisha Waisiko, mtundu wa darasa, akajikuna kichwa. "Kaka yake? Sasa mbona alitaka kumfunga dada yake? Yasmini, hebu soma bwana, tuone!"

Wote wakasogea tena. Boke akabaki peke yake.

Nyumbani alimweleza mama yake kila kitu. "Niliwaambia mwisho ili waache kusikiliza."

Mama hakumfokea. "Wakaacha?"

"Hapana."

"Hawawezi. Mimi naujua mwisho huo tangu utotoni, na jana nilipokusimulia nilikuwa na hamu ya kuufikia tena. Kesho uwaombe radhi, Yasmini na Mokami."

Kesho yake Boke alisimama tena mbele yao, safari hii akiinamisha macho. "Nilikuonea wivu, Yasmini. Nisamehe. Na wewe Mokami."

Yasmini alimtazama kidogo. "Haya, keti. Lakini ukifungua mdomo!"

"Sifungui."

Mokami alisogea kumpa nafasi, bila kutabasamu. Kabla sura ile haijaisha, alikuwa ameegemea bega la Boke, na Boke mwenyewe alikuwa amesahau kwamba anaujua mwisho.

"Wamekupokea?" mama aliuliza jioni.

"Wamenipokea, mama. Tena nimecheka kuliko wote."

"Sikia basi, mwanangu. Mwenzako akipendwa, wewe hupungukiwi kitu. Si kitabu kilichokutenga na rafiki yako. Ni wivu."