Karatasi za Kuwashia Jiko

Jamani majirani, sogeeni niwaambie. Mimi fundi cherehani nimepakana ukuta mmoja na nyumba ya Machozi, kwa hiyo sikusimuliwa. Nilisikia kwa masikio yangu.

Machozi ni mwigizaji. Jina hilo alipewa kwa sababu miaka saba kikundi chao kilimpa kazi moja tu: kulia. Mke aliyeachwa, yeye. Mjane, yeye. Alipochoka, akaanza kuandika mchezo wake mwenyewe, wa kuchekesha, nyuma ya karatasi za michezo ya zamani. Kila asubuhi anaosha vyombo huku akiigiza sauti zote, raha tupu. Kiongozi wa kikundi akamwambia, "Ulete Ijumaa, utauongoza mwenyewe. Ukikosa, ukumbi nampa mwingine."

Alhamisi, mama yake akawashia jiko zile karatasi. Zote! Aliona upande uliopigwa chapa, akadhani ni takataka. Hakuuliza, maana wimbo wake ulikuwa ule ule: "Kuandika nako ni kazi?"

Siku hiyo Machozi hakuigiza. Alilia kweli kweli, mpaka nikasimamisha cherehani.

"Mama, umenimaliza!"

"Si uandike tena, mwanangu?"

"Kwa kesho? Hata pa kuanzia sipaoni."

Mara nikamsikia mama, kwa sauti ya aibu: "Si unaanza pale mama mkwe anapoingia, kiatu kimoja chekundu, kingine cheusi? Anauliza, 'Nani kaninunia humu?'"

Kumbe! Miezi yote ile mama anakunja nguo huku ametega sikio. Mchezo mzima anao kichwani, mpaka pa kukohoa! Akawa anasema, binti anaandika, na walivyokuwa wakicheka, mimi huku nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano.

Mchezo ukafika Ijumaa, na Machozi akauongoza. Mama mkwe aliigiza nani? Mama mwenyewe! Gauni nilimshonea mimi. Siku ya maonyesho watu walicheka hadi wakashika mbavu.

FUNZO

Wazazi wenzangu, tuache kudharau kazi za watoto wetu. Miezi yote ile binti alisubiri neno moja zuri; mama alikuwa nalo, kalifungia moyoni, nusura alitoe wakati hakuna cha kuokoa. Mtoto akikufurahisha, mwambie leo. Na kabla hujawasha jiko, tafadhali, geuza karatasi.